Matini, Isnadi na Programu Huria

Katika Kiswahili, kuamini na amana ni maneno ya ukoo mmoja. Anayeamini huweka amana, na anayeweka amana hubaki na wasiwasi kidogo mpaka siku atakaporudishiwa ikiwa kamili. Kuamini kwa maana hii si hali ya moyo tu. Ni tendo la kumkabidhi mtu mwingine kitu ambacho kikipotea, hasara itakuwa ya aliyekabidhi. Ndiyo maana swali linaloulizwa kila mara kuhusu programu huria, kwamba je, zaweza kweli kuaminiwa katika mambo ya usalama, ni zito kuliko linavyosikika. Ni swali la amana: zimewekwa wapi, ziko kwa nani, na ni nani anayezihesabu.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa na binadamu kabla ya kugeuzwa kuwa lugha ya mashine, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuunakili, kuurekebisha na kuusambaza. Programu funge ni kinyume chake: mteja hupewa chakula kilichokwisha kupakuliwa, wala haruhusiwi kuchungulia jikoni. Wapo wanaodhani kwamba mambo haya ya programu huria yanawahusu mafundi peke yao. Lakini simu ya Android iliyo mkononi mwa Mzanzibari wa Maskati au Mkenya wa Minneapolis inaendeshwa juu ya kiini cha Linux, na seva nyingi zinazobeba barua, fedha na picha zake huendeshwa hivyo hivyo. Amana zake ziko huko tayari, aulizwe asiulizwe.

Hoja ya kwanza ya wanaotetea uwazi ni ya zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, Mholanzi aliyekuwa akifundisha lugha nchini Ufaransa, alichapisha katika jarida la sayansi za kijeshi makala kuhusu maandishi ya siri ya jeshi. Miongoni mwa masharti aliyoyaweka, moja limedumu kuliko mengine: mfumo wenyewe usihitaji kufichwa, na ukiangukia mikononi mwa adui usilete madhara. Kitu cha kufichwa ni ufunguo peke yake. Sababu yake inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kununua kufuli. Mafundi wote wa mji wanajua jinsi kufuli linavyofanya kazi, na bado kufuli zuri hulinda duka, kwa kuwa kila mwenye duka ana ufunguo wake. Ufunguo ukipotea, hubadilishwa ufunguo. Lakini kama ulinzi wote unategemea kutojulikana kwa umbo la kufuli, basi kila fundi aliyelitengeneza, kila mfanyakazi aliyeachishwa kazi na kila mwizi aliyelivunja na kulichunguza ni tishio kwa maduka yote kwa wakati mmoja. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata haikosi kuazimwa.

Ulimwengu wa usimbaji fiche ulilifuata fundisho hili kwa vitendo. Marekani ilipotaka kanuni mpya ya kusimba taarifa za serikali, taasisi yake ya viwango, NIST, iliitisha mashindano ya wazi mwaka 1997. Kanuni 15 zilipokewa, zikatangazwa, na wataalamu wa dunia nzima wakaalikwa kuzivunja. Iliyoshinda mwaka 2000 ilitungwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na tangu mwaka uliofuata inajulikana kwa jina la AES. Leo hii ndiyo inayolinda miamala ya benki na mazungumzo ya simu kote duniani. Haikuaminiwa kwa kuwa imefichwa. Iliaminiwa kwa kuwa watu wenye ujuzi na wenye hamu ya kuiangusha walipewa kila nafasi ya kufanya hivyo, wakashindwa.

Mpaka hapo hoja haina ufa. Ufa huanza pale inapochukuliwa kutoka kwenye kanuni chache zilizochunguzwa kwa miaka na wataalamu, ikavishwa mamilioni ya mistari ya msimbo ambayo hakuna anayeisoma. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Mmarekani Eric Raymond aliipa harakati ya programu huria itikadi yake maarufu, akaiita kwa jina la Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux: kwamba wingi wa watazamaji ndio dawa ya makosa. Itikadi hiyo ina utamu wake. Lakini haisemi kwamba msimbo ulio wazi umetazamwa. Inasema tu kwamba ukitazamwa na wengi, makosa yataonekana. Mwenye macho haambiwi tazama, wahenga walisema. Katika jambo hili, wenye macho walihitaji kuambiwa.

Tarehe 7 Aprili 2014 dunia ililisikia jina Heartbleed. Lilikuwa kosa ndani ya OpenSSL, maktaba ya programu inayosimba mawasiliano baina ya kivinjari na tovuti. Kompyuta mbili zinazozungumza hupeana ishara ndogo kuthibitisha kwamba kila moja bado ipo: moja hutuma neno na kutaja urefu wake, nyingine hulirudisha. Msimbo ule haukuhakiki kama urefu uliotajwa unalingana na neno lililotumwa. Aliyetuma herufi chache akadai zimefika maelfu, alirudishiwa herufi zake pamoja na chochote kilichokuwa jirani katika kumbukumbu ya seva, hadi kilobaiti 64 kwa kila ombi: nywila, barua, hata funguo za siri za tovuti yenyewe. Kosa liliingizwa mwishoni mwa mwaka 2011, kwa nia njema, na mchangiaji aliyekuwa akiongeza kipengele kipya. Mkaguzi mmoja akalipitisha. Likakaa zaidi ya miaka miwili, mbele ya macho ya wote, katika maktaba iliyotumiwa na sehemu kubwa ya intaneti. Shirika la kodi la Canada lilitangaza kwamba namba za hifadhi ya jamii za watu wapatao 900 zilikuwa zimechukuliwa.

Wanazuoni wa fikihi wana istilahi inayoueleza msiba huu vizuri kuliko lugha ya uhandisi. Ipo faradhi ya kila mtu, kama sala tano, na ipo faradhi ya kifaya, kama mazishi ya maiti: wakiitekeleza baadhi, wengine wote huondokewa na jukumu, asipoitekeleza mtu, dhambi ni ya mji mzima. Ukaguzi wa programu huria ni faradhi ya kifaya. Kila kampuni iliyotumia OpenSSL ilijua kwamba msimbo uko wazi, na kila moja iliona ni jambo la busara kudhani kwamba wengine wameshausoma. Wakati huo huo, mradi uliobeba siri za benki na serikali ulikuwa ukipata michango ipatayo dola 2,000 kwa mwaka, na mtu mmoja tu aliyeufanyia kazi muda wote. Jeneza lilikuwa limewekwa barazani na msafara wa waombolezaji ulikuwa mrefu, lakini waliokwenda kuchimba kaburi walihesabika kwa vidole. Baada ya aibu hiyo, makampuni makubwa yalijiunga chini ya Linux Foundation kuchangia miradi ya namna hiyo, na watengenezaji wa OpenBSD wakachukua nakala ya msimbo ule, wakaupogoa na kuuita LibreSSL. Yote mawili yaliwezekana kwa kuwa msimbo ulikuwa huria. Yote mawili yalikuja kwa kuchelewa.

Kusoma nako hakutoshi. Mwaka 2006 mtunzaji mmoja wa Debian, mfumo wa Linux unaoheshimiwa kwa uangalifu wake, aliusoma msimbo wa OpenSSL baada ya chombo cha ukaguzi kulalamika kwamba kuna mistari inayotumia kumbukumbu isiyoandaliwa. Aliuliza kwanza, hakuna aliyemzuia, akaiondoa. Mistari ile ndiyo iliyokuwa ikikoroga bahati nasibu ambayo kila ufunguo wa siri huzaliwa nayo. Bila hiyo, kwa kila aina ya ufunguo palibaki uwezekano wa funguo 32,768 tu, idadi ambayo kompyuta ya kawaida huimaliza kwa muda mfupi. Kila ufunguo uliotengenezwa kwa Debian na jamaa zake kwa muda unaokaribia miaka miwili, hadi Luciano Bello alipoligundua kosa na likatangazwa Mei 2008, ulikuwa wa kubahatishwa. Macho yalikuwapo, na yalitazama mahali penyewe hasa. Kilichokosekana ni fahamu ya kazi ya kile yalichokitazama.

Katika visa hivi viwili hakuna adui. Wote waliohusika walitaka mema. Kisa cha tatu ni cha namna nyingine, na ndicho kinacholifanya swali la kuaminiana kuwa gumu kweli.

XZ Utils ni programu ndogo ya kubana mafaili, yaani kuyapunguza ukubwa ili yahifadhiwe na kusafirishwa kwa wepesi. Haina umaarufu wowote, lakini imo karibu katika kila mfumo wa Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa na Lasse Collin wa Finland, bila mshahara. Mwaka 2021 alijitokeza mtu aliyejiita Jia Tan, akaanza kuleta masahihisho madogo madogo yaliyo sawa. Mwaka 2022 majina mengine, ambayo hayakuwahi kuonekana kabla, yakaanza kumlalamikia Collin hadharani kwamba kazi inakwenda polepole na kwamba afadhali amwachie mwingine. Collin alijibu kwa upole kwamba hii ni kazi ya kujitolea, na kwamba hali ya afya yake imempunguzia uwezo. Hatua kwa hatua Jia Tan alikabidhiwa madaraka, mpaka akawa ndiye anayetoa matoleo mapya.

Februari na Machi 2024 yalitoka matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, na ndani yake mlikuwa na mlango wa uani. Mwenye ufunguo fulani wa siri angeweza kuiamrisha seva apendavyo kupitia huduma ya SSH, ambayo ndiyo njia wanayopitia wasimamizi wa seva kuingia kutoka mbali, bila kuhitaji nywila ya mtu. Ustadi wa kuuficha mlango huo unatisha. Sehemu kubwa ya sumu iliwekwa katika mafaili ya majaribio, ambayo hayasomeki na binadamu kwa kuwa si maandishi, na kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kuyaona hayaeleweki. Kipande kilichoiamsha sumu hiyo hakikuwamo kabisa katika ghala la msimbo lililo wazi kwa wasomaji. Kiliongezwa baadaye, katika vifurushi vilivyofungwa kwa ajili ya kusambazwa. Aliyesoma ghala alisoma matini moja, na aliyepokea kifurushi alipokea nyingine.

Aliyeufichua mlango huo hakuwa akiutafuta. Andres Freund, mtengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL na mwajiriwa wa Microsoft, alikuwa akipima mwendo wa kazi yake mwenyewe alipoona kwamba kuingia kwa SSH kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Wengi wangeiachia nusu sekunde ipite. Yeye aliifuata, akatoka SSH akaingia katika maktaba moja, akatoka hiyo akaingia nyingine, mpaka akaifikia xz na kilichofichwa ndani yake. Tarehe 29 Machi 2024 alitangaza. Matoleo yale yalikuwa yameshaingia katika mifumo ya majaribio ya Debian, Fedora na mingineyo, lakini hayajafika katika matoleo tulivu yanayotumiwa na walio wengi.

Kila upande ulikichukua kisa hiki kuwa shahidi wake. Watetezi wa uwazi walisema: tazameni, amekamatwa. Wapinzani walisema: amekamatwa kwa bahati, na aliyemwingiza ni uwazi wenyewe, kwa kuwa mlango uliofunguliwa kwa kila msaidizi umefunguliwa pia kwa mwenye hila. Kikulacho ki nguoni mwako. Hoja zote mbili zina ukweli, na hakuna inayoifuta nyenzake. Kuiona nusu sekunde kulikuwa ni bahati iliyokutana na mtu makini. Lakini kuifuata mpaka shinani, bila kuomba ruhusa ya mtu, kuliwezekana kwa sababu kila tabaka aliloligusa lilikuwa wazi kwake. Kama angekuwa mteja wa programu funge, angebaki na malalamiko tu: angemwandikia muuzaji, na kungoja.

Palipo na nakala na wapokezi, Waswahili wana uzoefu wa karne nyingi. Tenzi za Lamu na Pate zilivuka miaka kwa kunakiliwa kwa mkono, na anayezisoma leo lazima aulize nakala hii imetoka kwa nani na mnakili aligusa nini. Elimu ya hadithi, iliyosomwa katika misikiti ya mwambao huo huo, ililifanya swali hilo kuwa fani kamili. Hadithi ina sehemu mbili: matini, ambayo ni maneno yenyewe, na isnadi, ambayo ni mlolongo wa waliopokezana maneno hayo mpaka yakamfikia msomaji. Matini iwe nzuri namna gani, isnadi ikikatika hadithi hudhoofika. Na kila mpokezi katika mlolongo hupimwa kwa mizani miwili. Ya kwanza ni uadilifu: je, ni mtu wa kweli na mwenye tabia njema? Ya pili ni dhabti: je, hifadhi yake ni madhubuti, au husahau na kuchanganya? Mwadilifu asiye na dhabti hukataliwa pia, pamoja na wema wake wote. Na asiyejulikana, yaani majhuli, hazibebeshwi riwaya zake uzito.

Ukiviweka visa vitatu juu ya mizani hiyo, kila kimoja hukaa mahali pake. Heartbleed na Debian ni upungufu wa dhabti kwa watu ambao uadilifu wao hauna shaka. Xz ni kinyume chake: Jia Tan alikuwa na dhabti ya hali ya juu, kazi yake ya miaka miwili ilikuwa safi, na usafi huo ndio aliounulia imani. Kilichokosekana ni uadilifu, na hakuna aliyeweza kuupima, kwa sababu nyuma ya jina hapakuwa na mtu yeyote anayejulikana. Tena shambulio lenyewe halikuwa katika matini iliyowekwa wazi. Lilikuwa katika isnadi, mahali kifurushi kilipotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Wanaosema kwamba programu huria ni salama kwa kuwa kila mtu anaweza kuusoma msimbo wanazungumzia matini peke yake.

Mashaka haya yana kina zaidi. Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa Unix, alipotunukiwa tuzo ya Turing alitoa hotuba iliyochapishwa mwaka 1984, ambamo alionyesha jinsi kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, inavyoweza kufundishwa kupandikiza mlango wa siri katika programu nyingine, na kujipandikiza yenyewe katika kila kompaila mpya itakayozaliwa nayo, bila kuacha alama yoyote katika msimbo unaosomeka. Msomaji aweza kuusoma msimbo wote, herufi kwa herufi, asione kitu, na bado akaibiwa. Mlolongo wa kuaminiana hauna mwanzo ambao mtu mmoja anaweza kuufikia kwa macho yake mwenyewe.

Hata hivyo jibu la hotuba hiyo limepatikana kwa sehemu, nalo linafanana na kazi ya wanazuoni wa zamani: kulinganisha riwaya. Riwaya moja ikija kwa njia mbili zisizojuana nazo zikaafikiana, shaka hupungua. David A. Wheeler alionyesha namna ya kumkagua kompaila mmoja kwa kutumia mwingine wa asili tofauti. Na tangu mwaka 2013 watengenezaji wa Debian, wakifuatwa na wengine, wamejenga utaratibu ambao msimbo ule ule, ukigeuzwa kuwa programu na watu tofauti mahali tofauti, lazima utoe matokeo yaliyo sawa mpaka tarakimu ya mwisho. Ikitokea tofauti, kuna mpokezi mmoja aliyeongeza neno. Utaratibu huo hautoi yakini. Unachofanya ni kumlazimisha mwongo awadanganye wengi kwa pamoja, na hiyo ni kazi ngumu kuliko kumdanganya mmoja.

Je, programu funge zina nafuu? Historia haionyeshi hivyo. Desemba 2020 iligunduliwa kwamba masasisho ya Orion, programu ya kusimamia mitandao ya kampuni ya SolarWinds, yalikuwa yametiwa sumu kiwandani, na wateja wapatao 18,000 walikuwa wameyapokea, zikiwamo wizara za serikali ya Marekani. Isnadi yao iliingiliwa kama ile ya xz, ila wao hawakuwa na matini ya kulinganisha nayo. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita katika udhaifu wa Windows, kikazima kompyuta za hospitali nchini Uingereza, na maelfu ya miadi ya wagonjwa ikafutwa. Microsoft ilikuwa imeshatoa kirekebisho tangu Machi; mashine zilizoathirika hazikuwa zimewekewa. Mwaka huo huo kampuni ya Equifax ya Marekani ilipoteza taarifa za watu wapatao milioni 147 kupitia Apache Struts, programu huria ambayo nayo kirekebisho chake kilikuwa kimetoka Machi. Mgonjwa wa London na mkopaji wa Atlanta walidhurika kwa sababu ile ile, na sababu hiyo haikuwa huria wala ufunge wa msimbo. Mtu aliyekabidhiwa ulinzi hakufanya kilichokuwa kimeshatayarishwa.

Kwa wasemaji wa Kiswahili jambo hili haliko mbali. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi wa Kilinux uliotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayosema Kiswahili, na uhuru wa msimbo ndio uliowapa watafsiri haki ya kuigusa bila kungoja idhini ya kampuni ya ng'ambo. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, ulikua kutokana na ushirikiano wa wataalamu wa Indiana na wa Eldoret, katika huduma kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. DHIS2, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, hukusanya takwimu za afya Tanzania Bara, Zanzibar, Kenya na nchi nyingi nyingine. Mifumo hii haikuchaguliwa kwa sababu ya mapenzi ya itikadi. Ilichaguliwa kwa kuwa serikali na hospitali zisizo na fedha nyingi ziliweza kuipata, kuifinyanga na kuimiliki bila kulipa leseni kila mwaka.

Hapo ndipo neno amana linaporudi na uzito wake wote. Jina la mgonjwa katika kumbukumbu ya kliniki ya VVU ni siri ambayo ikivuja yaweza kuvunja ndoa, kufukuzisha kazi, kumtenga mtu na jamaa zake. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022, na sheria hizo humwajibisha mwenye kushika taarifa. Lakini sheria haisomi msimbo wala haiweki kirekebisho. Programu isiyo na bei ya leseni ina bei nyingine: mshahara wa mtu atakayefuatilia matangazo ya udhaifu, atakayesasisha seva usiku wanapolala wengine, atakayejua ni nani anayeitunza kila maktaba iliyo chini yake na kama mtu huyo amechoka. Mshahara huo usipolipwa, uhuru wa msimbo hubaki kuwa haki ambayo hakuna anayeitumia, na hospitali inakuwa na hatari zile zile za programu funge bila hata ya kuwa na muuzaji wa kumlaumu.

Kwa hiyo swali la iwapo programu huria zaaminika halina jibu moja, kwa kuwa programu huria si mtu mmoja. Ipo inayotunzwa na mamia ya wahandisi wanaolipwa, ikakaguliwa, ikalinganishwa nakala kwa nakala. Ipo iliyobebwa na mtu mmoja chumbani kwake baada ya saa za kazi. Zote mbili hubeba sifa ile ile ya kuwa wazi. Msomaji wa hadithi hakuridhika kuambiwa kwamba maneno yameandikwa kitabuni. Aliuliza yamepitia kwa nani. Anayechagua programu ya kulinda amana za watu anapaswa kuuliza vivyo hivyo: watunzaji ni wangapi, wanaishi kwa nini, nani aliikagua mara ya mwisho, udhaifu ukitangazwa hurekebishwa kwa muda gani, na je, kifurushi kinachopokelewa ni zao halisi la msimbo unaosomwa?

Uwazi unampa muulizaji haki ya kupata majibu ya maswali hayo. Programu funge humpa ahadi ya muuzaji. Haki ni bora kuliko ahadi, lakini haijilindi yenyewe. Wapo leo vijana wa Kiswahili katika vyuo vya Nairobi, Dar es Salaam na Unguja, na wengine wengi katika makampuni ya Dubai, London na Seattle, wenye uwezo wa kuusoma msimbo ambao hospitali za kwao zinautegemea. Faradhi ya kifaya huwaangukia kwanza walio karibu na wenye uwezo. Maktaba nyingi ndogo, zilizo chini ya mifumo mikubwa, bado zina mtunzaji mmoja na wasomaji wachache, na barua ya kwanza ya msaada inayomfikia mtunzaji huyo haina ulazima wa kutoka kwa mtu kama Jia Tan.